Mashine Niliyoikausha kama Mbegu

Mwaka ule tulikula viazi asubuhi, mchana na jioni, maana mahindi yaliozea shambani kwa mvua. Siku moja ya mwaka huo naikumbuka mpaka leo, mwanangu.

Mjukuu wangu Neema alikuwa anajifunza ufundi mtaa wa Mlandege, anafufua mashine za gemu za zamani, zile za kuchomeka kwenye televisheni. Ijumaa akaleta moja nyumbani, kwa kuwa bati la kibanda cha fundi wake lilikuwa linavuja. Ilikuwa ya mteja wa Iyunga, kule Mbeya. Neema alikuwa ameiwekea feni mpya na lenzi mpya, lile jicho la kusomea CD, na ilikuwa inacheza vizuri. Akaniambia niitunze isipate unyevu, akaenda zake kwaya.

Isipate unyevu! Shule niliishia darasa la nne, lakini hilo nani anifundishe? Mama yangu alinionyesha nikiwa binti: mbegu unaitundika juu ya moto, moshi unaikausha, wadudu hawaigusi. Nikaitundika mashine kando ya mbegu kidogo niliyookoa. Siku tatu nachochea kuni, najisifu.

Jumatatu Neema akaiteremsha, ina masizi kama chungu. Akaichomeka. CD ikazunguka, ikazunguka, haikusoma. Mwenye mashine yuko njiani, kwenye basi kutoka Iyunga. Na fundi alishamwambia Neema, ukiharibu tena cha mteja, usirudi.

Akaanza kuipangusa. "Bibi, we nyamaza tu. Nitasema lenzi niliuziwa mbovu."

Mimi, mwanangu, si mtu wa kuomba radhi. Hata marehemu mume wangu hakuisikia kwangu. Lakini muuza lenzi wa watu alikuwa amenikosea nini? Nikamwambia, "Huu moshi ni wangu. Siufichi."

Tukaenda wote kibandani. Nikamweleza yule baba wa Iyunga mbele ya fundi. Akaisogeza mashine puani, akanusa.

"Bibi, ulivyoikausha hivi, si ungeipanda kabisa."

Fundi hakucheka. Akamwamuru Neema aifungue pale pale. Neema akalifuta lile jicho kwa pamba na spiriti. Pamba ikatoka nyeusi. Ya pili nyeusi. Ya tatu sikuitazama, nilitazama viatu vyangu, mpaka niliposikia muziki wa gemu.

Fundi akamwambia Neema neno moja tu, kesho awahi.

Sasa nisikilize. Ukiharibu kitu cha mtu, kiseme mwenyewe kabla hakijasemwa. Na usichokijua uliza, hata kama anayekijua ni mtoto uliyemfuta kamasi. Mungu akupe mikono mizuri, mwanangu, na mdomo usioikana kazi ya mikono hiyo.

Neema siku hizi ana kibanda chake. Nikifika nawasimulia wateja habari hii, naye ananivuta kanga, niache, namharibia jina. Namjibu:

"Huu moshi ni wangu. Siufichi."