Sampuli ya Mwenyekiti

Kabla ya Vuai, wafanyabiashara wa Kitanzania pale mtaa wa Dengfeng, China, walikuwa wakituma nyumbani picha ya kiatu na bei yake, basi. Vuai wa Makunduchi ndiye wa kwanza kuitia picha maneno. Alirekodi matangazo kwa simu, kwa sauti nzito ya kubembeleza: "Kiatu hiki ukikivaa, mwenye nyumba wako atakusalimia yeye kwanza." "Sufuria hili linaivisha maharage ungali unayachagua." Oda zikamiminika kutoka Kariakoo na Darajani, na baada ya miaka michache hakuna aliyethubutu kuuza hata soksi bila kupita kwa Vuai.

Ila bwana huyu vitu alivyovisifu hakuvigusa. Vile viatu vya salamu vilibanduka soli kwa mvua ya kwanza. Watu waliendelea kumpa kazi, lakini kumwamini, thubutu! Akisema leo Jumanne, mtu anafungua simu kuhakikisha. Hilo lilimuuma Vuai kuliko alivyoonyesha. Ndiyo maana uchaguzi wa jumuiya yao ulipokaribia, akagombea uenyekiti dhidi ya Nassor, msafirishaji mizigo asiyezidisha maneno kumi kwa siku. Alitaka, walau mara moja maishani, watu wamsadiki.

Akajitangaza, angeachaje? "Vuai! Ukipiga simu, keshafika mlangoni!"

Kikaoni, Bi Swalha, muuza mitandio aliyeogopwa na wenye viwanda, akamkatiza. "Maneno tumeshiba. Hapa hatuagizi kitu bila sampuli. Lete sampuli."

"Sampuli ya nini, Bi Swalha?"

"Ya mwenyekiti. Fanya kazi wiki moja tukuangalie."

Watu wakacheka, kisha wakakubali, kwa sababu ndivyo wanavyoishi: kiatu kimoja kwanza, kontena baadaye. Nassor aliambiwa naye alete yake, akasema ana mzigo wa kupakia.

Basi Vuai akawa sampuli. Jumatatu alikwenda uwanja wa ndege wa Baiyun kumpokea mgeni aliyekuja China mara ya kwanza. Jumatano aliitwa soko la nguo la Zhanxi, ambako Msabaha, mfanyabiashara mwenzao, alikuwa akigombana na laobani wa duka, yaani tajiri mwenyewe, juu ya suruali zenye zipu mbovu. Msabaha anapiga kelele, laobani anajibu "meiyou, meiyou," hakuna, hakuna, na mikokoteni inamgonga Vuai visigino. Zipu zikabadilishwa. Alhamisi alimpeleka hospitali Elinami, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyeshikwa na tumbo, akashinda naye huko kutwa.

Jumapili wakakutana mgahawani kupiga kura. Msabaha alimsifu, Elinami alimshukuru. Vuai alishaanza kutabasamu kiuenyekiti.

Bi Swalha akasimama.

"Sampuli nzuri sana," alisema. "Ndiyo inayonitia hofu. Nani humu hajaletewa sampuli ya ngozi, halafu ukaja mzigo wa plastiki?"

Mgahawa mzima ukaangua kicheko. Vuai maneno ya kujibu alikuwa nayo tele, ndiyo kazi yake, lakini aliona wazi kwamba lolote atakalosema litakuwa tangazo jingine. Akakuna kichwa.

"Basi niwaonyeshe kasoro zake," alisema. "Yule mgeni nilimsubiri mlango usio wake, akakaa peke yake saa mbili, kidogo alie. Msabaha, zile zipu laobani alibadilisha alipochoka na kelele zako. Mimi nilikuwa nimesimama tu. Na wewe Elinami, mdogo wangu, nisamehe. Ulipoingia kupimwa nililala kwenye benchi. Jina lako likaitwa mara tatu, mpaka mama wa usafi akaniamsha kwa fagio."

Hapakucheka mtu. Wote walikuwa wanunuzi wa siku nyingi, na hawajaona muuzaji aliyeipindua bidhaa mwenyewe akawaonyesha mshono uliofumuka. Bi Swalha alimtazama kwa muda, kama anavyotazama mtandio kabla ya kuagiza mia tano.

"Mkono wangu huu," alisema, akaunyoosha juu. "Nampa Vuai."

Mikono ikafuata, meza baada ya meza. Wa Nassor nao ulikuwamo.

"Lakini mimi nikiumwa," Bi Swalha aliongeza, "usilale."

"Sitalala, Bi Swalha."

Alisema hivyo tu, bila nakshi, na hakuna aliyefungua simu.