Nahodha Anagnosti Apanda Darajani

Daraja la kuunganisha Rio na Antirio, huko Ugiriki, lilipofunguliwa, Nahodha Anagnosti wa Antirio aliapa kwamba hatalikanyaga. Alikuwa ameendesha kivuko katika mlango ule wa bahari miaka ishirini, na mwaka uleule vivuko kadhaa vilikosa abiria vikauzwa. Mkahawani alisema daraja lenyewe limefungwa kwa kamba za viatu.

Kilichomkata maini zaidi ni bintiye, Zambeta. Alikuwa fundi mwembamba, mchekeshaji, asiyejua kizunguzungu, akaajiriwa kukagua nyaya zile nene zinazoshuka kutoka vileleni mwa nguzo na kulibeba daraja. Baba mtu hakumkataza. Nyumbani tu, habari za kazi hazikuguswa. Lakini kila alipokatiza na kivuko chake karibu na daraja alipiga honi mara mbili, naye Zambeta, huko juu kwenye upepo, aliweka spana chini akapunga mkono. Wenzake walimtania: "Mtoto, unaitwa ukanywe maziwa."

Miaka kumi na moja ikapita hivyo. Siku ya kwanza ya kustaafu kwa baba, Zambeta alimkuta jikoni amekaa na kofia ya kazi kichwani, hana pa kwenda.

"Baba, twende tukatembee darajani."

"Na kiapo changu?"

"Ulimwapia nani? Wale wazee wa mkahawani? Wote wameshavuka, wanakuficha tu."

Mzee akacheka bila kutaka.

Wakashika njia ya waenda kwa miguu. Mwanzoni alikamata ukingo kwa mikono miwili. Walipofika katikati akasimama. Chini kabisa meli ya mizigo ilikuwa inapita, na pembeni kivuko chake kilikuwa kinatoka Rio, kidogo kama kiberiti, povu la nyuma limepinda. Akatoa simu, akampigia aliyemwachia usukani.

"Thrasivulo, maji yanakusukuma mashariki. Lete kushoto kidogo."

"Umejuaje, nahodha? Kwani uko wapi?"

Anagnosti akamtupia binti yake jicho. "Niko kazini kwa mwanangu."

Povu likanyooka taratibu.

Walivuka hadi Rio wakala dagaa wa kukaanga. Hapo ndipo mzee, huku akijifuta vidole, alipomuuliza bintiye ni waya upi unaomsumbua kuliko zote. Zambeta akaanza kueleza, na sahani ziliondolewa mezani bado anaeleza.