Mmoja Hakuinuka

Naikumbuka siku moja, mwanangu, ya harusi ya binti wa shoga yangu Zuwena, hapa hapa Dubai, mtaa wa Qusais. Sogea nikuhadithie. Mie kusoma sikusoma, lakini macho ninayo.

Zuwena Mungu kampa. Mumewe ana duka la vipuri Ras Al Khor, dhahabu imempanda mkononi mpaka kwenye kiwiko. Alipoingia ukumbini, wanawake wote wakainuka kumpa mkono. Wote, ila Mwanaidi, jirani yake wa zamani. Kakaa zake kitini anakunywa kahawa.

Basi, khalas. Zuwena hakuiona tena harusi. Ikaja biriani, na ilikuwa biriani kweli, mie nilirudia, lakini yeye hata tonge.

"Umemwona yule?" ananiambia.

"Nimemwona. Kula."

"Harusi ya mwanangu, ati haniinukii."

Ikafika saa ya kumfukiza udi bibi harusi kabla hajaenda kwa mumewe. Kazi ya mama hiyo. Binti akatuma aitwe mama yake.

"Mwambie nakuja."

Akaitwa tena. "Nakuja," na jicho lipo kwa Mwanaidi.

Mezani petu alikuwepo Bi Sara, mtu mzima, Myahudi wa Yemen, tuliyezoeana naye sokoni Al Ras. Akamwambia kwa Kiarabu, taratibu:

"Mwanangu, sisi Mayahudi tuna kisa cha waziri. Mali anayo, wana anao, mfalme anamkirimu kuliko wote. Mtu mmoja tu pale mlangoni kwa mfalme hamwinukii. Waziri akarudi kwake akasema, yote haya si kitu kwangu, maadamu namwona yule amekaa."

"Ndiyo nisemayo, Bi Sara. Hana adabu yule."

"Yule umemtazama tangu tulipokaa. Na mwanao?"

Zuwena akatoka mbio, na viatu vyake virefu vile. Akakuta mama mkwe wa binti keshafukiza, chetezo jivu tupu, binti anapandishwa garini.

"Nilikuita, mama," binti akamwambia. Gari likaondoka.

Mpaka leo sijui Mwanaidi kilimkalisha nini. Goti, kiburi, Mungu ndiye ajuaye.

Hasira hasara, mwanangu. Dubai hii utapata pesa, utapata cheo, utaitwa madam. Na wa kutokukuinukia hakosekani. Mwache akae. Ukimpa yeye moyo wako, hao waliokuinukia utawapa nini?

Mungu akupe neema, mwanangu, na akupe na ulimi wa kuionja. Amin.