Kadi za Matundu na Fungu la Thelathini

Miaka ya hamsini nilikuwa karani wa takwimu kwenye kituo cha utafiti wa mkonge, nje kidogo ya Tanga. Asubuhi moja nilifika kazini karibu nikimbie. Mkuu wa kituo alikuwa ameazima vyombo viwili vya kuchambulia takwimu, kimoja tu kingenunuliwa, na wa kuchagua ni sisi makarani wawili.

Mwenzangu, mtoto wa mwenye duka Ngamiani, aliitaka mashine ya hesabu ya kuzungusha kwa mkono. Mimi roho yangu ilikuwa kwenye kadi za matundu. Kila kitalu cha majaribio kina kadi yake, na kila tundu la ukingoni lina maana. Kitalu kikiwa na sifa fulani, unalikata tundu lake liwe wazi. Ukipitisha sindano ndefu hapo na kuinua, kadi zenye sifa hiyo zinadondoka. Nilizipenda kupita kiasi, sifichi.

Tulishindana kwa mavuno yaleyale. Mashine ikalia krr-krr, na kabla ya saa nne mwenzangu akawa na wastani wa vitalu vyote.

"Nenda kalale na kadi zako, bwana," akanitania.

Nilikasirika mno. Kwa ukaidi tu nikapitisha sindano kwenye tundu la mafungu kamili, yaani vitalu visivyobakiza hata jani moja baada ya kufungwa thelathini-thelathini.

Kadi zote zikadondoka.

Nikapiga ukelele! Vitalu vyote visibakize kitu? Haiwezekani. Wakataji walikuwa wakijazia mafungu kwa majani ya kitalu cha jirani. Wastani wa mwenzangu ulikuwa bure kabisa, nami nimeshinda! Halafu nikakumbuka kwamba kiongozi wa wakataji wale ni baba yangu. Nikisema, aibu ni yake.

Nilisema, mbele ya mkuu wa kituo. Jioni nikamwendea baba kwenye kambi ya wakataji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Nikamweleza yote, na kwamba majani yanayobaki kitaluni yafungwe peke yake, hata yakiwa saba tu. Akaniangalia kwa hasira.

"Miaka yote hii nakata mkonge, leo nifunge fungu la majani saba? Watu wanione mvivu?"

"Hayo saba ndiyo ninayoyatafuta, baba."

Akanigeuzia mgongo, akaingia ndani.

Takwimu zile tukazitupa, kadi zikanunuliwa. Mavuno yaliyofuata, baba alipita katikati ya wenzake wakimcheka, begani ana kifungu chembamba, kimefungwa barabara. Akakiweka mezani kwangu.

"Andika saba," akasema.