Siku Hamsini na Nne za Nikolausi

Kwa vitabu vyangu, mwezi wa nane mwaka 1971 Nikolausi, dereva wa trekta, alifanya kazi siku hamsini na nne. Msicheke. Niliandika kwa mkono huu huu, nikiwa karani wa shamba la ngano la serikali chini ya Mlima Hanang, mgeni kutoka Songea, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyeniuliza huo ni mwezi wa nchi gani. Siku thelathini zilikuwa zake. Ishirini na nne zilikuwa za mke wake, Mama Marko, aliyeshona midomo ya magunia nyuma ya kombaini. Wanawake wa magunia walikuwa kumi na nane, na hawakuwa na kadi za kazi. Siku zao tuliziandika kwenye kadi za waume zao, na za wajane kwenye kadi za kaka zao. Ndivyo nilivyoikuta ofisi, nami sikuwa mtu wa kujitafutia balaa.

Mama Marko alikuwa Mwiraqw wa Nambis, mrefu, mwenye sauti ya kuita mbuzi ng'ambo ya korongo. Sindano yake ya magunia, shazia, aliichomeka kwenye kilemba ili isipotee. Nikipita na daftari langu alikuwa akinitania, "Karani, wewe mdomo wako nitaushona bure."

Basi mwaka 1972, mwezi wa sita, kabla ya mavuno, meneja alileta mkataba wa hali bora. Siku zile mambo yalikuwa moto! Mwongozo wa Chama ulikuwa umetoka mwaka uliotangulia, na mfanyakazi aliyekuwa akimwamkia bosi huku ameinama sasa alimwamkia akiwa amesimama wima. Nikausoma mkataba kwa sauti mbele ya ofisi. Nyongeza kwa kila mwenye kadi, ya mwaka mzima! Wanaume wakapiga vigelegele kama wanawake. Kisha Mama Marko akasema, "Karani, nisomee tena ile ya mwisho." Nikamsomea. Ngano sasa itapakiwa ndani ya lori bila magunia, na kazi ya kushona imekwisha.

Akaenda zake. Siku tatu mfululizo yeye na wenzake walionekana wakitembea pembeni mwa barabara ya Katesh, wakiinama miibani.

Siku ya mkutano wa kuupigia kura mkataba, karakana ilijaa mpaka watu wakapanda juu ya matrekta. Mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi, Mzee Basili, aligonga spana mezani kutaka utulivu, asiupate. Emilian, fundi wa mitambo, alisema kweli yake: shamba haliwezi kulipa kila mtu, afadhali wachache walipwe vizuri kuliko wote walipwe njaa. Wakamshangilia. Mwingine akapaza sauti, "Na hao wanaoachwa wale nini, Mwongozo?" Huyo naye akashangiliwa. Mimi nilikuwa naandika mpaka kalamu inatoboa karatasi, maana nyongeza ile ilikuwa yangu pia.

Ndipo Mama Marko akaingia na gunia kichwani.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, mama."

"Mama Marko, kaa chini!" Nikolausi alimwambia, kwa aibu.

Hakukaa. Alikata uzi kwa meno, akamwaga gunia sakafuni. Masuke ya ngano, makavu, yamekomaa.

"Hii nani kaipanda?" akauliza. "Ni lori lenu. Mwaka jana mlijaribu safari chache bila magunia. Ikamwagika njia nzima, mvua ikanyesha, ikaota. Mimi nimechuma ya miibani tu. Nyingine yote ng'ombe wamekula, na wenye ng'ombe wamenituma niwashukuru."

Karakana ilicheka mpaka mabati yakalia. Hata meneja alifuta macho.

"Nyongeza yenu itatoka wapi kama ngano inabaki barabarani? Tuacheni tushone. Na mtuandike."

Meneja akainuka. Akasema vizuri tu, bila ukali, kwamba mama amesema, lakini kwa utaratibu asiye na kadi hapigi kura. Kicheko kikakatika. Wale kumi na nane wakatazama chini, nami nikatazama daftari langu nikaona haya.

"Wanaokubali karatasi kama ilivyo," alisema Mzee Basili. Nikahesabu mikono thelathini na mmoja. Nikolausi alikuwa amekalia ya kwake.

"Wanaoikataa."

Ikainuka ishirini na mitano. Tumekwisha, nikasema moyoni. Halafu Nikolausi akasimama, ameinua mikono yote miwili.

"Mmoja, Nikolausi! Mmoja!"

"Huu wangu, Mzee. Huu wa mke wangu. Kadi yangu ina siku zake, basi ina kura yake pia. Muulize karani."

Mzee Basili akanigeukia. "Karani, vitabu vinasemaje?"

Jamani, sijawahi kuogopa vile. Meneja ananitazama. Nikasimama. "Mwezi wa nane mwaka jana, Nikolausi alifanya kazi siku hamsini na nne."

Kelele zikalipuka! Mikono mingine ya kushoto ikapanda, mmoja baada ya mwingine, kumi na mmoja. Thelathini na minane. Wanawake walikuwa wanarukaruka, na mimi karani wa serikali nikarukaruka nao.

Karatasi ikarudi. Meneja alikwenda mwenyewe kuikagua barabara, na baada ya wiki mbili akaleta nyingine: nyongeza ndogo, magunia yanabaki, na kadi kumi na nane mpya.

Mama Marko alikuwa wa kwanza dirishani.

"Jina?"

"Si unanijua?"

Kadi haikutaka Mama Marko. Miaka mitatu nilikuwa nimeandika siku zake, na jina lake silijui.

"Hilaria," akasema taratibu. "Hilaria Qamara." Qamara alikuwa baba yake.

Nikaandika. Kusoma alikuwa hajui bado. Akaweka kidole juu ya wino. "Hapa ndiyo mimi?"

"Ndiyo wewe. Hilaria Qamara."

"Soma tena."

Mavuno yalipofika, Nikolausi alifanya kazi siku thelathini tu.