Wagonjwa Elfu Moja wa Kompyuta

Juma hili, kwenye benchi la hospitali moja hapa Baraka, mtafiti mmoja wa kike, kompyuta magotini, alikuwa anamhoji mama mzee aliyeketi kando yangu, aliyeteremka kutoka Fizi.

"Humu muko bagonjwa elfu moja ba hesabu tu, si batu ba kweli, mama," alisema akigonga kioo. "Bamoja banalazwa kwa sindano, bengine banameza dawa nyumbani. Natafuta njia gani inaponyesha zaidi kwa franga zile zile."

"Na utajua aje?"

"Naanza kwa kukisia. Kila mugonjwa wa kweli akinijibu, nasahihisha. Garde-malade wako ni nani?"

Yaani mtu wa kukaa naye wodini, kumpikia na kumfulia. Ndani ya kompyuta, kila mgonjwa alikuwa amepewa wake mmoja.

Mama alikunja ncha ya kitenge, akaikunjua. "Batoto bangu bote balivuka ziwa. Andika zero."

Mtafiti akaandika polepole. "Basi hata humu sasa bako bamoja ba peke yabo."

"Pole yabo," mama alisema, akikitazama kioo kama dirisha la jirani.

Zamu yangu ikafika. Tangu mke wangu afariki, napikia sufuria ndogo, nakula nimesimama.

"Garde-malade?"

Benchi zima lilitega sikio.

"Iko," nilijibu. "Mumoja."

Kwa hiyo, wasomaji, siku hesabu ile ikikosea, msiilaumu mashine. Mama aliisahihisha, mimi, kwa kuona haya, nikaiharibu tena.