Mkaa Niliompelekea Mama Mkwe

Mkishacheka, nibakizieni kidogo nijicheke mwenyewe.

Nafanya kazi Iyunga, Mbeya, kwenye karakana inayokausha tope la vyoo, kulichoma pasipo hewa na kulifinyanga kuwa mkaa. Juzi nilikwenda Nyololo, Mufindi, kujitambulisha kwa mama yake Neema, mchumba wangu. Ndoa yetu ilingoja neno lake. Kwa baridi ya kule, zawadi gani ingeshinda kiroba cha mkaa?

"Kamwene, mwanangu," alinipokea kwa salamu ya kwao, akauwasha mkaa papo hapo. Haukutoa moshi wala harufu. Akapanga mahindi mabichi juu ya jiko, akaota moto, uso wake ukang'aa kama vilima vya Mufindi ukungu unapoinuka.

"Huu mkaa wa mti gani?"

Neema, aliyejua kila kitu, aliinamia mahindi. Nikasema, "Wa mti wa kwetu Mbeya, mama."

"Basi niletee mche nipande."

"Nitaleta hata kumi!"

Hapo redio ya dirishani ikaanza kipindi cha mazingira. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nilihojiwa. Sauti yangu ikajaa jikoni, yenye majivuno: "Malighafi ya mkaa wetu ni kinyesi cha binadamu, na mimi ndiye ninayekipokea getini!"

Mama alilitazama jiko, akanitazama mimi. Mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. Akachagua hindi nono kuliko yote, akaninyooshea.

"Mkwe," akasema, na ndiyo mara ya kwanza kuniita hivyo, "anza wewe."